Marafa si ya kutazamwa kutoka ukingoni

Watu wa Malindi tunakwenda vibaya Marafa, lile korongo la mchanga wa rangi nyingi. Tunatoka mjini alasiri, tunavuka daraja la Sabaki, tunafika jua likianza kushuka, tunasimama ukingoni mwa korongo na kupigana picha, kisha tunageuza gari kabla giza halijaingia. Ndivyo wageni wa hotelini wanavyopangiwa safari, nasi wenyeji tumeiga. Jioni ile inapendeza, sikatai. Genge lote linawaka rangi. Lakini anayeishia juu hajatembea Nyari, amepita tu karibu nayo.

Nyari, ndivyo Wagiriama wanavyoliita korongo la Marafa, iko eneo la Magarini, kama kilomita 40 kutoka Malindi. Ushauri wangu ni kwenda alfajiri na kushuka hadi chini kwa miguu. Kule chini upepo wa bahari haufiki, na kuta zinarudisha joto kutoka pande zote. Kufika saa nne asubuhi mtu mzima mwenye nguvu zake anaanza kutafuta kivuli, na kivuli hakuna. Saa kumi na mbili na nusu mchanga bado ni wa baridi, na mwanga wa ubavuni unaonyesha kila tabaka: jekundu, la chungwa, waridi hafifu, kisha jeupe chini kabisa. Wekundu ule ni chuma kilichomo mchangani kikapata kutu kwa miaka mingi mno.

Sisi wa mjini tumezoea jiwe la aina nyingine. Malindi imekaa juu ya tumbawe la kale, mwamba wa chokaa uliojengwa na viumbe wa baharini. Ndilo tulilojengea nyumba na misikiti, na ndilo lililojengewa nguzo ya Vasco da Gama pale rasini. Mvua ikilipiga jiwe hilo, hulila polepole kwa asidi kidogo iliyomo majini. Hutoboka mashimo na mapango, lakini uso wake hubaki mgumu, wenye ncha za kuchana nyayo. Marafa ni mchanga ulioshikana, tena kwa kushikana hafifu. Bonyeza ukuta kwa kidole gumba, chembe zinabaki kwenye ngozi. Mvua ya Marafa haina haja ya kuyeyusha kitu, inabomoa na kubeba. Ndiyo maana korongo linazidi kupanuka, na ukingo uliosimama juu yake mwaka huu huenda usiukute masika mawili yajayo.

Siku tuliposhuka sisi, kijana aliyetuongoza alikuwa amevaa ndara, na alishuka haraka kuliko sisi wenye viatu vya kamba. Kila penye utelezi aligeuka: "Dada, weka mguu pale nilipoweka mimi." Chini, kwenye mchanga mwembamba uliopangwa mawimbi madogo na mvua ya mwisho, kulikuwa na nyayo za mbuzi tu. Hapo ndipo alipotuhadithia habari za watu matajiri wa ng'ombe waliooga maziwa huku jirani zao wakifa njaa, Mungu akawakasirikia, ardhi ikawameza. Nyeupe ni maziwa, nyekundu ni damu. Hadithi hii nimeisikia tangu utotoni, lakini kuisikia huku umezungukwa na kuta zenyewe ni jambo jingine kabisa. Kisha tukapanda mgongo mwembamba unaotokeza katikati ya korongo, mmoja mmoja, bila kuzungumza.

Agizo lile la kuweka mguu alipoweka yeye lilikuwa zaidi ya usalama wetu. Mtu akikata njia yake mwenyewe kwenye mteremko laini, mvua inayofuata inapita pale pale. Ujia unakuwa mfereji, na mfereji unaangusha ukuta. Wanaochonga majina yao kwenye magenge wanafanya uharibifu uleule, na inaniuma kuona majina mengi ni ya Kiswahili. Wapo pia wanaotaka ngazi za zege hadi chini ili kila mtu ashuke kwa urahisi. Napinga. Zege ni zito na halinywi maji. Mvua itateremka kandokando yake kwa kasi na kuchimba chini yake, na baada ya muda tutabaki na vipande vilivyoning'inia. Ujia mmoja unatosha, wenye magogo ya kuchepusha maji, ukikaguliwa kila baada ya mvua na vijana wa hapo hapo wanaolipwa kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo mkienda, lipeni kiingilio, na mchukue kiongozi wa Marafa hata kama mna dereva anayedai kuijua njia. Masika yakiwa yamekolea, ahirisheni. Udongo unateleza na mikondo hujaa ghafla. Maji beba lita mbili kwa kila mtu, kwa sababu kupanda kurudi juu ndiko kunakochosha.