Yule wa besi anaitwa nani?

Binti wa dada yangu ana miaka 15 na anapiga gitaa la besi kwenye kwaya ya vijana kanisani kwao. Likizo hii alikuja kukaa kwangu, na siku ya pili tu akaniuliza kama nina filamu yenye wasichana wanaopiga vyombo, siyo wanaoimba na kukata mauno tu huku vyombo wamewaachia wanaume. Nikakumbuka The Runaways ya mwaka 2010, filamu kuhusu bendi ya kweli ya wasichana wa Marekani. Nikaiweka, nikakaa na rimoti mkononi kama askari wa zamu, maana ile filamu ina dawa za kulevya na mambo mengine ambayo dada yangu akiyajua atanipigia simu usiku wa manane. Kuanza kwenyewe tu kunaanza na tone la damu ya hedhi linadondoka barabarani. Binti akanigeukia, akacheka, akasema, "Hawa hawana utani."

Baada ya kama dakika arobaini akauliza: "Ma'mdogo, yule wa besi anaitwa nani?"

"Robin."

"Mbona haongei?"

Nimeitazama filamu hiyo mara nne au tano na sijawahi kujiuliza swali hilo. Mtu anayepiga besi ndiye anayemwangalia mpiga besi, sisi wengine macho yako kwa anayeimba. Jibu lenyewe nalijua, na ndilo limenikalisha kuandika leo: haongei kwa sababu hakuwahi kuwepo. Bendi ya The Runaways ilipitiwa na wapiga besi kadhaa, na hakuna Robin hata mmoja. Aliyeshika besi katika miaka inayoonyeshwa na filamu ni Jackie Fox, ambaye ubini wake halisi ni Fuchs. Hakutoa haki za kusimulia maisha yake. Basi wakatunga msichana, wakampa jina, wakamkabidhi besi mwigizaji mzuri tu, Alia Shawkat, halafu wakamweka pembeni ya picha, karibu haongei kabisa. Yupo ili jukwaa lisionekane na pengo.

Kwa ambaye hajui habari yenyewe: mwaka 1975, mjini Los Angeles, msichana wa miaka 16 aliyejiita Joan Jett alitaka kuanzisha bendi ya roki ya wasichana peke yao. Prodyuza mmoja aitwaye Kim Fowley, mtu mzima wa miaka 36, akamkutanisha na Sandy West, mpiga ngoma mwenye mikono ya chuma. Baadaye wakaja Lita Ford kwenye gitaa la solo, Cherie Currie kwenye kipaza sauti akiwa na miaka 15, na Jackie kwenye besi. Mwaka 1976 wakatoa albamu ya kwanza, mwaka 1977 wakaenda Japani na kupokelewa kwa vilio na msukumano, na mwaka huohuo Jackie akaondoka, kisha Cherie naye akaondoka. Mwaka 1979 bendi ikafa. Miaka minne hivi, basi.

Filamu ni nzuri, nisije nikaeleweka vibaya. Mwongozaji wake, Floria Sigismondi, alitokea kwenye video za muziki na hii ndiyo filamu yake ndefu ya kwanza. Inaonekana: kila kitu kina jasho, vumbi na taa za neoni. Kristen Stewart anamcheza Joan akiwa ameinamisha mabega kama kijana wa kiume anayetafuta ugomvi, na Dakota Fanning anamcheza Cherie. Kuimba waliimba wenyewe. Kuna kipande kimoja ambacho binti alinilazimisha nikirudishe: Joan amekwenda kujifunza gitaa, mwalimu anamwambia wasichana hawapigi gitaa la umeme, anataka kumfundisha vile vijinyimbo vya watoto. Joan anachomeka waya, anafungua sauti mpaka mwisho, anakwangua nyuzi. Binti wangu akasema mwalimu wa kwaya yao alimwambia hivyohivyo, ila yeye alisema besi ni nzito kwa bega la msichana. Ndoo ya maji ya lita ishirini haikuwa nzito.

Kipande kingine ni kile cha mazoezi ndani ya trela bovu. Fowley, ambaye Michael Shannon anamcheza akiwa amepakwa rangi usoni na sauti kama ya mnadani, anawaleta wavulana wa mtaani wawarushie wasichana makopo na uchafu huku wanapiga, ili wazoee fujo za ukumbini. Miaka yote nilikuwa nakicheka kipande kile. Shannon anachekesha kweli, na ndiyo filamu inavyotaka umwone: mtu mwenye kichaa fulani, mdomo mchafu, mnyonyaji wa fedha za watoto, lakini kichwa chake kinafanya kazi. Safari hii sikucheka, na nitasema kwa nini.

Wimbo wao mkubwa kuliko yote, Cherry Bomb, ulitungwa na Joan na Fowley papo hapo siku Cherie alipokuja kujaribiwa sauti, kwa sababu wimbo aliokuja nao haukuwafaa. Walicheza na jina lake. Cherry bomb ni fataki ndogo ya duara, nyekundu kama tunda, ambayo watoto wa Marekani walikuwa wanairusha barabarani iwashtue watu. Kwa Kiswahili wimbo huo ungeitwa Fataki. Na mtu yeyote aliyekuwa na redio Tanzania miaka ile ya matangazo ya Fataki anajua neno hilo limebeba nini siku hizi: si baruti tena, ni mtu mzima anayewazungukia wanafunzi, leo chipsi, kesho vocha, keshokutwa lifti. Wamarekani waliimba wakidhani fataki ni msichana. Lugha yetu inasema fataki ni yule mwenye miaka 36 aliyesimama nyuma ya vioo vya studio.

Sisemi kwa kubahatisha. Fowley alifariki Januari 2015, na Julai ya mwaka huo Jackie akasimulia hadharani kwamba usiku wa mkesha wa mwaka mpya, Desemba 31, 1975, akiwa na miaka 16 na amelewa vidonge, Fowley alimbaka kwenye chumba cha moteli, mbele ya watu wengine. Anasema hakuna aliyenyanyua mkono. Siku za baadaye mazoezi yaliendelea, kila mtu akashika chombo chake, na yeye akakaa kimya miaka karibu arobaini. Joan alijibu kwamba angejua mwenzake anafanyiwa hivyo asingesimama kuangalia. Kumbukumbu za waliokuwepo hazilingani, na mimi sikuwepo. Lakini naliamini simulizi la Jackie, na nikishaliamini siwezi tena kumwona yule mtu wa trela kama kichekesho.

Filamu ilitoka miaka mitano kabla ya hapo, kwa hiyo mtu atasema haingeweza kusimulia jambo ambalo halijasemwa. Sawa. Lawama yangu haiko hapo. Iko kwenye jinsi filamu za wasifu zinavyotengenezwa na jinsi tunavyozimeza. Tunakaa tukidhani tunatazama yaliyotokea, kumbe tunatazama waliosaini. Hii imetokana na tawasifu ya Cherie, Neon Angel, na Joan ni mmoja wa watayarishaji wakuu. Ndiyo maana bendi ya watu watano imekuwa hadithi ya watu wawili. Lita Ford, mpiga solo ambaye wavulana wengi wa wakati ule wasingemfikia, amebaki kuwa msichana mwenye kelele na hasira. Sandy West, ambaye bila yeye na Joan hakuna bendi, anapita kama jirani. Naye alikwisha fariki mwaka 2006 kwa saratani akiwa na miaka 47, hakupata hata nafasi ya kulalamika. Hata Marie, dada yake Cherie ambaye kwa kweli ni pacha wake wa kufanana, kwenye filamu ni dada tu, anachezwa na Riley Keough ambaye hafanani na Fanning hata ukizima taa.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba filamu nyingine ipo, tena ya kweli, yaani ya mahojiano: Edgeplay, iliyotengenezwa na Victory Tischler-Blue. Huyu aliitwa Vicki Blue alipokuwa kwenye bendi, na ndiye aliyeishika besi baada ya Jackie kuondoka. Humo Jackie anazungumza, Lita anazungumza, Sandy anazungumza akiwa bado hai, Cherie anazungumza. Joan alikataa kushiriki, na nyimbo za bendi kama zilivyorekodiwa hazikuruhusiwa kutumika. Kwa hiyo tuna filamu moja yenye nyimbo na haina Jackie, na nyingine yenye Jackie na haina nyimbo. Ukitaka The Runaways wazima inabidi uzitazame zote mbili na kichwani uzishone mwenyewe. Joan ana haki yake ya kukataa, kama Jackie alivyokuwa na yake. Ila anayekataa akiwa na nyimbo mkononi anabaki na nyimbo, na anayekataa akiwa na maisha yake tu anabadilishwa kuwa Robin.

Na si mara ya kwanza Jackie kufanyiwa hivyo. Kwenye albamu ile ya kwanza ya 1976, besi unayoisikia siyo yake. Fowley hakumtaka apige, akaletwa mwanaume, Nigel Harrison, ambaye baadaye alijulikana kwenye bendi ya Blondie. Bendi inauzwa kwa tangazo kwamba hawa ni wasichana na wanapiga wenyewe, Jackie ndiye anayetajwa kuwa mpiga besi, halafu vidole ni vya mwingine. Miaka 34 baadaye ikatokea kinyume chake: besi ipo, anayeishika ni msichana, lakini sura na jina ni vya mwingine.

Baada ya bendi Jackie alisoma isimu na Kiitaliano chuo kikuu cha UCLA, kisha sheria Harvard, miaka ileile aliyokuwepo Barack Obama, akawa mwanasheria wa mambo ya burudani. Sijui kama mnaona ninachokiona hapo. Huyu aliyekataa kusaini ndiye aliyekwenda kujifunza mikataba inavyosomwa.

Haya yote sikumweleza binti. Nilimweleza ya Robin, ya albamu, ya Harvard. La moteli nilimwambia kwa maneno machache kwamba yule prodyuza alimfanyia vibaya sana na wenzake hawakusema kitu, na yeye akaniangalia kwa namna ambayo nilijua ameelewa zaidi ya nilivyosema. Watoto wa miaka 15 wanamjua fataki kuliko sisi. Pengine dada yangu atanipigia simu kwa hilo pia.

Akakaa kimya kidogo, halafu akauliza, "Kwa hiyo albamu ya kwanza si yeye?"

"Si yeye."

"Ipo ambayo ni yeye?"

Nikamwambia ipo. Walirekodi jukwaani Japani mwaka 1977, kabla hajaondoka. Live in Japan. Humo ni yeye.

Akaitafuta kwenye simu, akavaa vipokea sauti, akachukua besi yake bila kuichomeka popote kwa sababu spika imebaki kanisani. Nilikuwa jikoni nachambua mchele, nasikia zile nyuzi nene zinagonga kavu, tuk, tuk, tuk, bila muziki wowote. Akifika kiitikio cha Cherry Bomb anakosea, anasonya, anarudisha nyuma. Nimeshaosha mchele, nimeshabandika, bado anarudisha nyuma.