Sandrizi ndo nini jamani

Hebu nambieni nyinyi mlosoma. Dada yangu yuko Dubai, kanitumia boksi mbili kwa meli, nguo za watoto na cherehani ya mke wangu, basi. Si gari, si kontena zima, boksi mbili ambazo hapa Majengo mwenye mkokoteni hata hazimtoi jasho.

Alhamisi niko kazini, nyuma ya friji la mtu nalitengeneza, uso umejaa vumbi na nywele za paka, simu ikalia. Ajenti wa kliaring. "Mzee, mzigo wako ni LCL, uko CFS, tunangoja dikonso, lakini manifesti ina amendimenti kwa hivyo kuna riski ya dimareji." Yani pumzi moja tu! Mimi nlichosikia vizuri hapo ni "mzee". Amendimenti nkadhani mambo ya katiba, nayo boksi zangu zimeingiaje humo, na hiyo dikonso nkajua ni homa imeingia bandarini, nkamuuliza na dawa ipo? Kanyamaza kidogo. Kisha ati, "Ntakutumia kwoteshoni WhatsApp."

Ikaja. CIF, IDF, RDL, VAT 16%, handilingi, na chini kabisa, sandrizi 2,500. Wallahi nlidhani nimetumiwa majibu ya maabara ya mtu mwengine.

Jioni nkashuka barazani kwa muuza kahawa, pale kuna ami mmoja mstaafu wa bandarini. Kavaa miwani, kashata mkono mmoja simu yangu mkono mwengine, kaanza kunitafsiria. LCL ni mzigo wako kupakiwa kontena moja na mizigo ya wengine, matatu tu hiyo. CFS ndo stendi yake, ghala la kufungulia makontena. Dikonso, abiria wanashuka, kila mtu na chake. CIF ni bei ya kitu, bima na nauli ya meli vyote pamoja, na ushuru unapigwa juu ya hiyo jumla, yani hata nauli natozwa ushuru! Hapo nkasimama, ami akanivuta kanzu nikae. Dimareji ni faini ya kontena kulala bandarini kupita siku za bure, na ukilitoa ukachelewa kulirudisha likiwa tupu hiyo ni ditensheni, nami miaka yote najua ditensheni ni adhabu ya watoto wa shule. Na ati hilo neno dimareji asili yake Kifaransa, kukawia. Kukawia! Sasa si angenambia "mzee, mzigo ukikawia utalipa", maneno manne, ningeelewa huko huko nyuma ya friji.

Na sandrizi je ami?

Kavua miwani. Kacheka mpaka kahawa ikampalia. "Hiyo muulize mwenyewe."

Nkampigia ajenti. Sandrizi ni nini? "Ni vitu vidogo vidogo, mzee." Kama vipi? "Vidogo vidogo tu." Nitajie kimoja. "Haloo? Haloo, mzee, netiweki..."

Nkalipa. Cherehani imefika, sindano imevunjika.

Sasa juzi kuna mama mmoja Kisauni friji lake haligandishi, nkaenda, nkalifungua, nkapima pima. Nkamwambia mama, kapilari imeziba, hapa lazima niflashi na naitrojini, nibadilishe draya, nipige vakyumu, ndo nicharji gesi. Mama wa watu kaniangalia mdomo wazi, sura ile ile nliyokuwa nayo mimi na ile kwoteshoni. Na ningeweza kusema tu, mama, mrija umeziba. Nkatoa kijitabu changu cha risiti nkaandika gesi, draya, leba, kisha sijui ni mkono wa nani huu, ukashuka chini kabisa ukaandika sandrizi 500.

"Sandrizi ni nini baba?"

"Vitu vidogo vidogo, mama."

Kalipa, na soda baridi kaniagizia dukani.