Kabla Hujaongeza RAM, Lichunguze Gemu Lenyewe

Msimu wa korosho ukifika, mafundi kompyuta wa hapa Mtwara mjini hupata wateja wa aina moja: kijana ana hela mkononi, gemu lake linakwamakwama, anataka kuambiwa anunue nini. Jibu huwa liko tayari: "Ongeza RAM," yaani kumbukumbu ya kazi ya mashine. Ikishindikana, "Hii mashine imechoka, tafuta nyingine."

Napinga jibu hilo, hasa kwa magemu ya zamani, ambayo ndiyo tunayocheza wengi wetu kwenye Dell na HP za mtumba. Mara nyingi mashine haina kosa. Gemu lenyewe ndilo lililouzwa likiwa bovu, na wachezaji wenzetu wameshalitengenezea dawa, tena bure.

Chukua hiyo RAM. Kwenye Windows, programu ya biti 32, yaani ya muundo wa zamani, kwa kawaida haipewi zaidi ya GB 2 za kumbukumbu, hata uwe umejaza 16. Fallout: New Vegas la 2010 liko hivyo, likigonga ukomo linajifunga, unajikuta umerudi kwenye deskitopu. Mashabiki wakatoa kiraka, yaani programu ndogo ya marekebisho, kinachobadilisha alama moja ndani ya faili la gemu, ili Windows ya biti 64 ikubali kulipatia gemu hadi GB 4. Alama moja! Na wewe umeshauza gunia la korosho ununue RAM.

Linaloniudhi kuliko yote ni Saints Row 2. Prosesa ya Xbox 360, mashine ya magemu lilikotoka kwanza gemu hili, ilikwenda kwa GHz 3.2. Gemu lilipohamishiwa kwenye kompyuta mwaka 2009, likaachwa likiamini kwamba kila prosesa duniani ina kasi hiyohiyo. Yako ikiwa tofauti, magari na watu wanakwenda mbio isiyo ya kawaida, au wanajikokota. Hapo kununua mashine kali zaidi hakuna maana yoyote. Mike Watson, shabiki aliyejulikana kama IdolNinja, ndiye aliyeongoza Gentlemen of the Row, mkusanyo wa marekebisho uliobeba pia kifaa cha kunyoosha kasi hiyo. Baadaye Volition, studio iliyotengeneza gemu hilo, ikamwajiri. Mwaka 2019 wakatangaza kwamba msimbo asilia wa gemu, yaani maandishi ya programu yake, uliokuwa umepotea, umepatikana na kiraka rasmi kiko njiani. Watson alifariki 2021, Volition ikafungwa 2023, na kiraka hicho hakikuwa kimetoka. Kazi ya mashabiki ndiyo inayotumika.

Kuna watakaosema hayo ni ya studio ndogo. Haya, GTA Online. Mwaka 2021 mchezaji anayejiita t0st alichoka kusubiri dakika sita gemu lifunguke, akalipekua. Akakuta linasoma orodha ya bidhaa kama 63,000, na kwa kila bidhaa linahesabu upya herufi zote zilizobaki, kama karani anayehesabu kurasa za daftari zima kabla ya kusoma kila mstari. Aliporekebisha, muda kwake ukashuka chini ya dakika mbili. Rockstar, wenye gemu, walimlipa dola 10,000 na kuliingiza rekebisho kwenye gemu. Wengi wanaofanya kazi hii hawaoni hata senti, jambo ambalo kwangu ni aibu ya kampuni.

Kwetu huku kuna faida nyingine: bando. Viraka rasmi vya siku hizi vinakula GB kwa GB, wakati vingi vya mashabiki ni MB chache tu. DXVK, programu ndogo inayotafsiri amri za picha za gemu kwenda mfumo mpya zaidi uitwao Vulkan, na inayosaidia sana GTA IV kwenye kompyuta nyingi, kwa gemu hilo ni kunakili faili moja, d3d9.dll, kwenye folda lilipo gemu. Ila inahitaji Vulkan, na grafiki za ndani za Intel kwenye Windows zinaitumia vizuri kuanzia kizazi cha sita. Mwenye prosesa ya i5 ya kizazi cha tatu anayetegemea grafiki hizo za ndani asijisumbue. Na pakua kwenye ukurasa wa mtengenezaji mwenyewe, si kwenye flashi inayozunguka mtaani. Faili la dll linaweza kubeba virusi bila wewe kujua. Tunza nakala ya folda kwanza.

Sina ugomvi na mafundi. Fundi atakayeuliza "gemu gani?" kabla ya kutaja RAM, akakuwekea kiraka sahihi na kukutoza elfu tano, mlipe bila kubishana.