Msuli Wangu Sivagiri

Ubahili ndio ulioniponza, ingawa siku ile niliuita ucha Mungu.

Nilikuwa nasoma Kerala, kusini mwa India. Mwenzangu wa bwenini akanikaribisha kwao, karibu na Varkala, tupande kilima cha Sivagiri. Hija yake ni Desemba 30 hadi Januari 1, na mahujaji huvaa njano. Makao ya watawa ya pale kilimani yalianzishwa mwaka 1904 na mwalimu wa dini, Sree Narayana Guru, mtu wa tabaka lililokuwa likifukuzwa kwenye mahekalu ya wakubwa; badala ya kulia langoni akajenga yake. Alipoibariki hija hii mwaka 1928, mwaka ule ule aliofariki, aliwaambia watu wasihangaike kununua hariri. Nguo nyeupe ikichovywa kwenye manjano, yatosha.

Mimi, mtoto wa Tanga niliyekulia kwenye bizari, nikaona hapo ndipo penyewe. Nguo za njano tele madukani, nikazipita. Nikanunua manjano nusu kilo, nikaloweka msuli na fulana usiku kucha. Mwenzangu alisema vijiko viwili vinatosha. Nikamjibu, "Ndugu yangu, kwetu biriani haipimwi kwa kijiko."

Tarehe 30 jua la saa sita likanikuta njiani. Jasho likashuka, na rangi nayo. Jioni nilikuwa kama bibi harusi aliyetoka kusingwa, ila huyu ana ndevu, na ndevu zenyewe njano.

Nikaingia bafuni na sabuni ya kufulia. Kumbe manjano yakikutana na sabuni yanageuka mekundu! Maji yakapita chini ya mlango kama ya machinjioni. Mama mwenye nyumba akapiga ukelele, akidhani nimejikata. Nikachungulia, mwekundu hadi masikioni, nikitafuta Kimalayalam cha kumtuliza. Neno lililonijia ni moja: "Chaya." Yaani chai.

Asubuhi ya tarehe 31 msuli ulikuwa na rangi ya matofali, na sina mwingine. Umati wote njano, mimi katikati kama pilipili kwenye sinia la wali. Tena Kerala nyekundu ni rangi ya Wakomunisti, na wana nguvu kwelikweli. Mzee mmoja akanishika bega, akauliza kwa upole kama nimeachwa na maandamano ya chama.

Aliyeniokoa ni bibi mmoja. Alinitazama, akatoa ndimu kwenye mkoba, akaikamulia pindo la msuli. Palipolowa pakarudi njano papo hapo. Wenzake nao wakafungua mikoba. Nikasimama nimenyoosha mikono, nikakamuliwa kama mshikaki.

Nikapanda ngazi kuelekea alipozikwa Guru nikiwa njano ya mabakamabaka, nanuka manjano, ndimu na jasho. Mtoto aliyekuwa mbele yangu akageuka, akanusa, akamwuliza babake jambo. Mwenzangu akacheka hadi akakaa kwenye ngazi.

"Anauliza achari inauzwa wapi."