Sikupigwa, msimsikilize Mgosi

Jamani, ile sauti aliyoirekodi Mgosi, eti nilipigwa msikitini nikiiba baiskeli, nasikia imeshafika Muheza. Leo asubuhi muuza vitumbua kanifungia vya kwangu huku kajiziba mdomo kwa kanga, mabega yanamcheza. Basi bora niseme mwenyewe. La kwanza, sikupigwa. Nilirushiwa kandambili moja tu, nayo ilinikosa ikamfikia fundi saa wa watu aliyekaa zake kibarazani. La pili, sikuwa naiba. Hilo la pili ndilo refu.

Baiskeli yangu mnaijua. Ile ya kijani, mtumba wa Japani, kapu mbele, na lile kufuli la duara nyuma linalopita katikati ya spoki. Nilitoa 180,000 taslimu, na kapu lenyewe sijawahi kulitilia hata nazi. Tanga tunajitapa kwa waja leo waondoka leo, ila sikujua kama na baiskeli zimo.

Ilikuwa ikilala kwenye banda la gari. Gari lenyewe hakuna aliyewahi kuliona. Mama mwenye nyumba kaweka mle mabati, jiko la mkaa lililotoboka, na mlango wa friji. Friji iko wapi, tumeuliza, anakasirika. Mimi nikaongeza kufuli langu mlangoni, la bei, zito, la kumrushia mtu ukafungwa miaka saba.

Asubuhi ya tukio nikatoka, nikalitazama kufuli langu, nikaona limefungwa barabara, nikasema alhamdulillahi. Halafu nikajiuliza mbona nalitazama likiwa chini. Lilikuwa limelala sakafuni na tumbuu zake mbili, zimeshikana vile vile kama nilivyoziacha, na skrubu zote zimepangwa mstari juu ya tofali. Mwizi hakuligusa kufuli. Alikuja na bisibisi. Tena mstaarabu, mlango kaurudishia.

Ofisi ya serikali ya mtaa nilikwenda mbio. Mwenyekiti wetu ni mzee wa taratibu, kofia ya kufuma, miwani kaifunga na uzi. Akanisikiliza, akatikisa kichwa, akaniandikia barua ya polisi kwa mwandiko wa kalamu ya wino. Akasema, "Mwanangu, mji huu ukisema nimeibiwa baiskeli ya kijani, hujasema kitu. Zamani tukilipia leseni, baiskeli ina kibati chake. Siku hizi ipo ipo tu." Nikamwambia shikamoo nyingine juu ya ile ya kwanza, nikaondoka.

Kaunta, afande akauliza, "Namba ya fremu?"

Nikamwambia, "Afande, haina namba. Ni baiskeli."

Akaweka kalamu chini. Akanieleza kwa upole unaotumika kwa wagonjwa kwamba kila baiskeli ina namba, imegongwa kwenye chuma, nyingi chini kabisa pale mikono ya pedeli inapokutana, nyingine kwenye bomba la siti. Nami kwa kiherehere nikatoa simu nikamwonyesha picha ya kile kibandiko cha Kijapani kwenye fremu. Kumbe kibandiko hicho (haya nimeyasoma baadaye, usiku, usingizi umekataa) ndiyo usajili wa kuzuia wizi. Japani tangu 1994 mwenye baiskeli anawajibika kuisajili, na kumbukumbu zinakaa polisi. Kwa maana hiyo baiskeli yangu polisi wanaijua vizuri tu. Ila polisi wenyewe wako Japani, na mimi nimesimama kaunta ya Tanga. Nikapewa RB ya kuonyesha nimeripoti, nikaambiwa nikipata namba ya fremu nirudi.

Namba nikaipata! Siku ya kununua, fundi aliipindua magurudumu juu aitie grisi, nami nikapiga picha nikiringa. Mgosi ndiye aliyeivuta picha ile ikawa kubwa mpaka tarakimu zikasomeka. Mwisho wake 47. Kumbukeni hapo kwamba Mgosi yumo tangu mwanzo, asijifanye mtazamaji.

Sasa Ijumaa.

Nilichelewa, nakiri, khutba imeshaisha, nikakuta watu wamesimama rakaa ya kwanza na viatu vimejaa mpaka barabarani. Msikiti siutaji, ni Ngamiani, wa huko washajua. Nakimbilia mlango, nakanyaga ndala za watu, jicho likaangukia ukutani. Kijani. Kapu. Kufuli la duara. Kibandiko cha Kijapani pale pale.

Nyinyi mngefanyaje? Wewe unayesema ungeingia kuswali, muongo.

Nikaipindua. Taratibu, siti chini, magurudumu juu. Kengele ikalia kri, moyo ukanishuka. Kipaza sauti kikasema Allahu akbar, nikajua hao wanarukuu, bado nina nafasi. Nikainama. Pale penye namba pamejaa vumbi lililogandia grisi. Nikatemea mate, nikasugua kwa mkono wa kanzu. Kanzu nyeupe, ya Idi. Tarakimu ya kwanza ikatoka, nikaangalia simu: sawa. Ya pili: sawa. Ya tatu: sawa! Damu ikaanza kunichemka, nikaanza na kumwombea mwizi yule vitu ambavyo nje ya msikiti haviombwi. Ikatoka 4. Ya mwisho mkono wa pedeli umeikingia. Inaonekana kijiti tu, yaweza kuwa 1, yaweza kuwa 7.

Basi mkono wa kulia nikazungusha pedeli kinyumenyume ipishe, wa kushoto unaendelea kusugua. Kava la cheni halikuwepo. Nikahisi kama mtoto ananivuta kanzu. Nikasema, "Subiri." Nikazungusha tena. Ndipo nikatazama: mkono wa kanzu umeingia kati ya cheni na meno ya gia mpaka kwenye kiwiko, na mimi nimo ndani yake.

Nikavuta. Wapi. Nikasema si shida, ilivyoingia kwa kurudi nyuma itatoka kwa kwenda mbele. Nikasukuma pedeli mbele. Haiendi. Nikasukuma kwa nguvu. Haiendi ng'o. Na hapo, jamani, akili ikanijia yote kwa mpigo: pedeli ikienda mbele lazima gurudumu la nyuma lizunguke, na gurudumu la nyuma limefungwa na lile kufuli la duara. Kufuli ambalo mwizi wangu alilipuuza, akaibeba baiskeli begani akaondoka nayo, mimi limenikamata.

Kipaza sauti kikatoa salamu ya kulia. Nikaweka simu mdomoni nipate mikono miwili. Kikatoa salamu ya kushoto.

Wa kwanza kutoka alikuwa mtoto, kanzu inamburuza. Akanitazama, akageuka ndani akapaza sauti: "Babu! Fundi wako kaja!"

Nilimpenda mtoto yule. Laiti wangemsikiliza. Lakini nyuma yake akatoka bwana mmoja, kifua kipana, akauliza fundi gani wa Ijumaa, kanzu nyeupe, hana hata spana. Kimya kidogo. Kisha mtu nyuma nyuma huko akalitoa lile neno: "Mwivi!"

Mnajua mwivi kwenye mji wetu anafanywaje. Nikataka kusema hii ni yangu, namba ninayo, RB ninayo. Kwa simu mdomoni ikatoka "hii nyangu, nyangu," na watu wakacheka, halafu wakakumbuka kwamba wamekasirika. Hapo ndipo kandambili ilipopita. Nilitaka kukimbia pia, sitaficha, nikapiga hatua tatu na baiskeli ikaja nami, imebiringita, kengele inalia kri kri kri. Mtu akasema, "Mwacheni, huyu kashajifunga mwenyewe."

Wakauliza baiskeli ya nani. Mtoto akasema ya babu. Babu yuko wapi? Anaswali sunna.

Tukamsubiri. Mimi nimechuchumaa juani, mkono umo kwenye cheni, duara la watu limenizunguka, wengine wameagiza kahawa. Mgosi alikuwa mle, safu ya tatu. Sauti yake haisemi kwamba alisimama akanywa kashata na kahawa kabla ya kusema, "Namjua, si mwizi, ni mpangaji tu." Tu!

Babu akatoka. Kofia ya kufuma. Miwani ya uzi. Mwenyekiti.

Akanitazama, akaitazama baiskeli, akarudi kwangu. "Si wewe nimekuandikia barua ya kuibiwa baiskeli?"

Nikamwambia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sasa umeamua kuchukua ya mwenyekiti?"

Akachukua ufunguo mfukoni, akalifungua lile duara, tlak, akasukuma pedeli mbele kwa kidole kimoja, na mkono wangu ukatoka mweusi kama wa muuza mkaa. Kisha akatoa leso, akaifuta ile tarakimu ya mwisho vizuri, akawasomea watu wote. 1. Tumenunua kwa muuzaji yule yule, mzigo ule ule. Nikaomba radhi, akacheka, watu wakatawanyika, kanzu imeshakuwa dekio, yangu haijaonekana hadi naandika haya. Mwisho 47, akiiona mtu aniambie.

Jioni ile Mwenyekiti alikuja kwangu na drili ya kuazima. Akasema skrubu za nje si ulinzi, ni mapambo. Tukatoboa mlango, tukapitisha bolti nene mpaka ndani, nati kwa ndani, na ncha akazigonga nyundo zisifunguke. Tukachimbia pete ya nondo kwenye zege la sakafu, tukapitisha mnyororo, maana kubana gurudumu peke yake ni kumrahisishia mbebaji. Mama mwenye nyumba akasimama anatazama mlango wa friji wake unavyolindwa, machozi yanamlengalenga.

Kilichofuata mnakijua kama mnaishi uswahilini. Habari za banda zikazagaa. Kaanza jirani wa vyumba vya nyuma, akaja muuza samaki na Phoenix yake, akaja mwalimu wa madrasa. Sasa mle zimelala baiskeli za mtaa mzima, zimeunganishwa mnyororo mmoja, na mwenye funguo ni mimi nisiye na baiskeli. Muuza samaki anagonga saa tisa usiku, anawahi mnadani. Mwenyekiti anagonga saa kumi na moja kasoro, anawahi alfajiri. Natoka na shuka, natafuta ufunguo macho yamefumba, namtolea ile ya kijani. Anaizunguka, anaminya tairi, anaikagua siti kwa tochi, kisha ananiuliza:

"Hujaipindua?"