Spika Ndiyo Inayochagua Amplifaya

Ukiingia duka la elektroniki Kisumu, pale Oginga Odinga Street, au Nakuru kando ya Kenyatta Avenue, swali la kwanza la mteja ni lile lile: hiyo amplifaya ni ya wati ngapi? Kwangu, hilo ni swali la kuulizwa mwisho. Mtu aliyetoa pesa nzito kununua spika nzuri, kisha akazifungia amplifaya kwa kufuata namba kubwa ya kwenye katoni, hasikii spika alizolipia. Zisome spika kwanza. Zenyewe zitakuambia zinataka nini.

Namba mbili zinatosha kuanzia. Ya kwanza ni sensitiviti, yaani desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) zinazofika mita 1 mbele ya spika ikipewa volti 2.83. Ya pili ni impidansi, ukinzani wa spika kwa mkondo wa umeme, na hupimwa kwa omu. Volti 2.83 kwenye omu 8 ni wati 1. Kwenye omu 4 ni wati 2. Wengi hukosea hesabu hapo: spika ya omu 4 iliyoandikwa desibeli 88 inatoa desibeli 85 kwa wati moja, kwa sababu zile 88 zimekula wati mbili.

Tuchukue KEF LS50 Meta, spika ndogo inayopendwa sana. Kiwandani wanaitaja kuwa ya desibeli 85, omu 8, lakini wanaongeza kwamba impidansi hushuka hadi omu 3.5. Ukikaa mita 3 kutoka kwake unapoteza karibu desibeli 9.5. Spika mbili zinakurudishia 3, na kuta za sebule ya kawaida zinakurudishia nyingine 3 hivi. Kwa hiyo wati 1 kwa kila spika inakufikia kama desibeli 81.5. Ngoma za isukuti zilizorekodiwa vizuri zina midundo inayoruka juu sana ya wastani wa muziki wenyewe, desibeli 15 hadi 20. Ukitaka midundo hiyo ifike desibeli 100 bila kukatwa, umebakiwa na desibeli 18.5 za kutafuta. Kila desibeli 3 huzidisha wati mara mbili, na kila 10 mara kumi, kwa hiyo hesabu inakupeleka karibu wati 70. Ukiweka Klipsch Heresy IV mahali pale pale, spika ambayo watengenezaji wake wanaitaja kuwa ya desibeli 99, midundo ile ile inataka chini ya wati 3. Chumba ni kimoja, muziki ni mmoja, ila mahitaji yamepishana zaidi ya mara ishirini. Anayekuambia "nunua wati mia na hutakosea" hajauliza una spika gani.

Lakini wati 70 hizo hazijamaliza habari, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kuzipata kwenye omu 8 kunataka volti 24 hivi. Mdundo ukiangukia mahali ambapo impidansi ya spika ni omu 3.5, volti hizo hizo zinadai mkondo wa karibu ampea 7, na kileleni karibu ampea 10. Amplifaya yenye transfoma dogo haina mkondo huo. Besi inalegea, sauti ya mwimbaji inakuwa kali, na msikilizaji anailaumu spika.

Kwa hiyo tafuta mstari wa pili kwenye karatasi ya maelezo, ule wa wati kwenye omu 4. Amplifaya ya kwanza inatoa wati 100 kwenye omu 8 na 120 kwenye omu 4. Ya pili inatoa 60, kisha 115. Dukani ya kwanza inauzwa kama kubwa. Ukizipigia hesabu, ya kwanza inazidi kwa desibeli 2 tu kwenye omu 8, na kwenye omu 4 zimekaribia kulingana. Chini ya hapo ya kwanza inazidi kuporomoka, na ya pili bado ina pumzi. Kwa spika ngumu kuendesha ningechukua ya pili bila kusita. NAD 3020 ya mwaka 1978 iliandikwa wati 20 tu, na ikajijengea jina duniani kote kwa sababu ilikuwa na mkondo wa kutosha kuendesha spika ambazo amplifaya nyingi za bei yake zilishindwa nazo. Namba za PMPO, zile wati za kilele zinazobandikwa kwenye katoni, usizisome hata kidogo. Hazina kipimo kinachoeleweka.

Risiva za sinema, yaani amplifaya za chaneli nyingi za kutazamia filamu nyumbani, zina mtego wake. Wati zinazotajwa mara nyingi hupimwa chaneli mbili tu zikifanya kazi, na ile swichi au menyu ya kuchagua omu 4 kwa kawaida hupunguza volti ndani ili mashine isipate joto. Ukiichagua, umejinyima nguvu pale pale ulipoihitaji.

Kuna hofu kwamba amplifaya kubwa itaunguza spika. Mara nyingi inayounguza ni ndogo iliyosukumwa kupita uwezo wake. Ikifika mwisho wa volti zake, vichwa vya mawimbi hukatwa. Besi haiwezi kupanda tena, ila sauti za kati na za juu zinaendelea kupanda kadiri unavyozungusha kitufe, na mkato wenyewe unazalisha masafa mapya ya juu. Yote hayo yanaenda kwa twita, spika ndogo ya sauti za juu, ambayo waya wake wa ndani ni mwembamba kama unywele. Sikiliza: sauti ikianza kukwaruza kwenye matoazi na herufi s, rudisha kitufe nyuma mara moja.

Kabla ya kununua, unaweza kupima mahitaji yako kwa mita ya kawaida ya fundi na amplifaya uliyo nayo sasa. Piga muziki wako kwa sauti ya juu kabisa unayoipenda, kisha weka alama mahali kitufe kilipofika. Zima, fungua waya za spika. Cheza toni ya hezi 120 iliyorekodiwa desibeli 12 chini ya kiwango cha juu cha dijitali, kitufe kikiwa pale pale, na upime volti za AC mahali waya za spika zinapofungwa. Zidisha mara 4, ili kuzirudisha zile desibeli 12. Tuseme umesoma volti 3.5: hiyo ni 14. Mara yenyewe ni 196, gawanya kwa omu 8 za spika, unapata wati 24.5. Watu wengi hushangaa jinsi namba inavyotoka ndogo, na hapo wanaelewa kwamba pesa iliyobaki ni afadhali iende kwenye spika au kwenye zulia zito na mapazia. Sebule zetu za sakafu ya vigae na kuta za mawe huongeza mwangwi ambao amplifaya haiwezi kuufuta. Angalizo: kipimo hiki usikifanye kwa amplifaya ya vali, ile inayotumia taa za kioo badala ya transista. Ikiachwa bila spika, transfoma lake la kutoa sauti linaweza kuharibika.

Na kwa kuwa nimezitaja vali: nazipenda, kwa spika zinazozifaa. Nyingi zina impidansi ya kutoa, yaani ukinzani wa amplifaya yenyewe pale spika inapofungwa, ya omu 2 au zaidi. Spika inayotembea kati ya omu 3.5 na omu 20 itabadilishwa mizani yake ya sauti kwa karibu desibeli 3, sehemu nyingine juu, nyingine chini. Huo si utamu wa vali, ni spika iliyopotoshwa. Spika ya sensitiviti ya juu na impidansi isiyoyumba itakuonyesha uzuri wake halisi. Waya nao ni suala fupi: shaba tupu ya milimita 2.5 za mraba inatosha hadi mita 5 na zaidi. Kataa ile ya alumini iliyopakwa shaba.

Stima yetu inastahili kufikiriwa. Amplifaya ya transfoma la kawaida, ikiandikwa wati 100 kwa volti 240, hubaki na wati 70 hivi volti zikishuka hadi 200 saa za jioni. Kwa sikio si janga, ni desibeli 1.6, lakini ni sababu ya kuacha akiba. Zile za Class D, ambazo transista zake huwashwa na kuzimwa kwa kasi kubwa, zenye pawa saplai ya volti 100 hadi 240 hazisumbuki sana, na hazitoi joto jingi. Kwa joto la Kisumu huo ni ubora wa kweli. Class A, inayokula mamia ya wati hata muziki ukiwa kimya, inafaa zaidi kwa baridi ya Nakuru au Eldoret, na hata huko iachiwe nafasi ya hewa pande zote.

Mitumba kutoka Japani ni ya volti 100. Ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya 240 na umeipoteza. Nunua transfoma la kushusha volti lenye VA (volti mara ampea) mara mbili ya matumizi yaliyoandikwa nyuma ya mashine. Iliyotoka Marekani ikiandikwa hezi 60 pekee, transfoma lake litapata moto zaidi kwenye hezi 50 zetu. Kabla ya kuifungia spika zako mashine yoyote ya mtumba, iwashe, subiri dakika kumi, kisha pima volti za DC kwenye kila chaneli. Chini ya milivolti 30 ni sawa. Ikipita 100, ipelekwe kwa fundi kwanza. Muulize pia kama transista za kutoa sauti zimewahi kubadilishwa. Soko limejaa transista za 2SC5200 na 2SA1943 bandia zenye kipande kidogo cha silikoni ndani: zinapiga vizuri kwa sauti ya chini, zinapasuka mzigo ukiongezeka, na zikipasuka zinamwaga DC yote kwenye wufa, spika ya besi.

Radi za Kakamega, Kisii na ukanda wote wa ziwa hazizuiliwi na kifaa cha kulinda friji. Wingu likianza kunguruma chomoa plagi, kisha chomoa pia waya wa dishi na wa intaneti unaoingia kwenye dikoda au ruta iliyounganishwa na amplifaya, kwa sababu radi hupitia huko vilevile.