Jiwe la manjano la Uluguru: liokotwe au liachwe?

Mwaka 1906 mkemia Mjerumani Willy Marckwald alitangaza madini mapya kutoka milima ya Uluguru, Morogoro, akayapa jina kwa heshima ya mwanafizikia Ernest Rutherford. Ndiyo ruthafodini: kabonati ya urani (metali yenye mionzi), adimu, ya rangi ya manjano. Hutokea pale uraniniti, jiwe jeusi lenye urani, linapochakaa polepole ndani ya miamba yenye ulanga. Wakusanyaji wa madini huitafuta sana, na ile ya Morogoro ina thamani ya pekee kwa sababu ndiko ilikotambuliwa mara ya kwanza. Je, anayeikuta leo aichukue?

Wanaosema aichukue wana hoja nzito. Mara nyingi madini haya huwa ganda la ungaunga juu ya jiwe jeusi. Likiachwa juu ya vifusi vya mgodi wa zamani, mvua italisomba na ushahidi utapotea. Tena anayeliona kwanza kwa kawaida ni mchimbaji mdogo, si profesa.

Kwenye utambuzi ndipo hoja hiyo inapolegea. Kiini cheusi kizito kupita ukubwa wake, kikiwa na ganda la manjano, ni dalili nzuri, lakini madini ya manjano yenye urani ni mengi. Kipima mionzi kitalia kwa yote bila kukuambia hili ni lipi. Jina hupatikana maabara, kwa kupima mpangilio wa atomi kwa eksirei. Anayelipasua jiwe ili aone ndani anaambulia vumbi tu.

Na vumbi ndilo la kuogopwa hasa. Mionzi ya alfa ya urani haipenyi ngozi, ila chembe zikiingia mapafuni au tumboni mambo hugeuka. Kile kiini cheusi nacho hutoa radoni, gesi yenye mionzi, isiyo na rangi wala harufu, inayojikusanya kwenye chumba kisichopitisha hewa. Kwa hiyo jiwe la namna hii haligongwi nyundo, halipigwi brashi kavu, halirambwi. Mwenye ruhusa ya kulichukua huvaa glavu na barakoa, hulinyanyua pamoja na mwamba wake, hulifunga kwenye mifuko miwili na kuandika mahali na tarehe. Ananawa kabla ya kula. Chumba cha kulala si ghala lake.

Sheria pia ipo: Tanzania ina Tume ya Nguvu za Atomiki na Tume ya Madini, na jiwe la urani si la kubeba na kuuza bila vibali. Hata hivyo marufuku peke yake siiamini. Shinkolobwe, mgodi wa urani kule Katanga, Kongo (DRC), ulifungwa kwa amri ya rais Januari 2004. Julai mwaka huohuo sehemu ya mgodi iliporomoka ikaua wachimbaji waliokuwa bado wanachimba humo. Walihitaji kula.

Mimi naegemea upande wa kukusanya, ila kidogo na kwa mkono wa mtaalamu. Mchimbaji apige picha, aweke alama ya mahali, aondoke, atoe taarifa. Mjiolojia achukue kipande kimoja cha kutosha maabara, na kingine kibaki nchini, si kuishia kwenye kabati la Ulaya. Halafu aliyetoa taarifa alipwe, na jina lake liandikwe kwenye lebo ya sampuli. Akijua atanyang'anywa na kuhojiwa kama mhalifu, atalificha jiwe chini ya kitanda, watoto wanapolala.